Picha za jua au picha za anga ya usiku: uanzie wapi?

Hili swali naulizwa mara nyingi na mtu ambaye kaona picha moja kali ya Njia ya Maziwa, ule utepe wa nyota nyingi unaokata anga, au kaona madoa ya jua yametoka safi, homa imemshika na anataka kununua vitu leo leo. Mi simjibu kamera gani wala darubini gani, namuuliza kwanza we unalala saa ngapi, na ukisimama nje ya mlango wako usiku unahesabu taa ngapi. Watu wanacheka ila sitanii. Hivi vitu viwili vinaitwa jina moja, picha za anga, lakini ni kama kusema fulani anacheza mpira bila kutaja wa miguu au wa kikapu, ukishamnunulia viatu visivyo vyake ndo unagundua.

Mi mwenyewe nilianza na usiku, nikakesha kama miaka miwili hivi, sasaivi napiga jua zaidi na usiku naenda mara mojamoja tu. Kwahiyo ujue mapema naegemea wapi.

Mwanga, mwingi au kiduchu

Tofauti ya kwanza ndo inazaa zingine zote. Jua linakumwagia mwanga mpaka kazi yako nzima ni kuuzuia, usiku unakupa matone na kazi yako nzima ni kuyakinga. Na hili halijaletwa na kamera za kidijitali. Wafaransa wawili, Fizeau na Foucault, walipolipiga jua tarehe 2 Aprili 1845 walifungua kwa sehemu ya 60 ya sekunde moja na madoa yakaonekana. Julai 1850 pale Harvard wakaipiga nyota Vega, ambayo inang'aa kuliko karibu nyota zote, ikachukua kama sekunde 100. Alafu Henry Draper akaitaka nebula ya Orion, yaani wingu la gesi huko mbali kati ya nyota, mwaka 1880, akakaa dakika 51 kwenye picha moja tu. Vifaa vya leo vina kasi ya ajabu ukilinganisha na sahani zao zile za kupigia picha, ila mpangilio haujabadilika, jua ni kufumba na kufumbua, nyota ni subira, na nebula ni subira ya mtu asiye na kazi kesho asubuhi.

Kinachofuata hapo ni muda wako. Kipindi changu cha jua ni dakika 40, kutoa vitu nje, kupiga, kurudisha ndani. Mawingu yakifunguka dakika tano zinanitosha, nachukua video ya dakika moja na kazi imeisha. Usiku wa maana ni masaa matatu manne juu ya kitu kimoja, na si usiku wowote, maana mwezi ukiwa mkubwa anga lote linakuwa jeupe na vitu hafifu vinamezwa. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, zako ni kama siku kumi hivi zinazozunguka mwezi mwandamo, toa za mawingu, toa siku unazoamka mapema kazini, hesabu zilizobaki. Kuna miezi mi nilibaki na sifuri.

Na mahali. Kwa jua, mji haukudhuru kitu kabisa, taa za barabarani hazina ubavu mchana, tatizo lako ni joto la mabati na lami linalofanya hewa ichezecheze. Usiku mji ndo adui mkubwa. Kuna kipimo cha Bortle, kinaanzia 1 ambapo ni giza la porini kabisa mpaka 9 ambapo ni katikati ya mji, na mtu wa 8 au 9 anaweza kupiga ndio, lakini atalipa kwa filta maalum na masaa mengi zaidi kupata kile ambacho mtu wa 3 anakipata kwa lenzi ya kawaida kwa nusu saa. Kama kufika penye giza ni safari, basi jumlisha na safari hiyo kwenye hesabu zako, pamoja na nani unaenda naye.

Ukikosea inakuwaje

Hapa sitafupisha. Ukikosea usiku unapoteza usingizi. Ukikosea kwenye jua unaweza kupoteza jicho, na jicho la ndani halina mishipa ya maumivu, yaani linaungua huku we unaendelea kuchungulia tu bila kusikia chochote.

Filta inakaa mbele, kwenye mdomo wa darubini au wa lenzi, kabla mwanga haujaingia. Ukiona filta ndogo za kufunga nyuma kwenye lenzi ya kuchungulia, zile zinazokuja na darubini za zamani au za bei chee, itupe, na usimpe mtu mwingine. Darubini imeshakusanya jua lote mpaka pale nyuma, filta inapata moto inapasuka na jicho lako lipo hapohapo. Miwani ya kupatwa kwa jua nayo ni ya macho matupu, usiivae alafu ukachungulia kwenye darubini, utaunguza vyote viwili.

Karatasi maalum ya filta kama AstroSolar ya Baader inauzwa ya aina mbili na watu wanazichanganya. Ya namba 5.0 inapitisha sehemu moja ya mwanga kati ya 100,000 na hiyo unaweza kuchungulia. Ya 3.8 inapitisha kama mara 16 zaidi ya hapo, ni ya kamera peke yake, imetengenezwa ili shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, iende haraka, usiweke jicho. Mtu anayeanza achukue 5.0 tu aachane na mahesabu. Na kila siku kabla ya kuifunga, iinue mbele ya jua uikague kwa mbali kama ina tobo au mkwaruzo, ikiwa na tobo inakwenda jalalani hata kama umeinunua juzi. Ifunge na tepu, upepo usiichukue.

Kosa langu lilikuwa kwenye kile kidarubini kidogo cha kulengea pembeni. Darubini kubwa nimeifunga filta vizuri, ile ndogo nimeiacha wazi, naendelea kuhangaika na fokasi nikasikia harufu ya plastiki, kumbe jua limepita mle na linachoma kola ya shati langu. Kola, sio jicho, nilibahatika. Tangu siku hiyo kidarubini nakitoa kabisa, nalenga kwa kivuli: kivuli cha darubini chini kikiwa kidogo kuliko vyote, basi jua umelipata.

Kama nyumbani una watoto wadogo wanaopenda kugusa kila kitu na huwezi kusimama pale muda wote bila kuondoka, mi ningekwambia chagua usiku, au chagua jua siku ambayo wao hawapo. Hakuna filta ya kutibu hilo.

Vifaa, na pale pesa inapoanza kuuma

Kuingia kwenye jua ni rahisi mno kama tayari una kamera na lenzi ndefu. Karatasi ya filta, gamba la boksi, tripodi, basi umeanza. Huhitaji mota ya kufuata anga, shata inafunguka sehemu ndogo mno ya sekunde, hakuna kitu kitakachokimbia. Unachohitaji ni urefu wa lenzi. Chukua milimita za lenzi yako ugawe kwa 110, jibu ndo ukubwa wa jua kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Lenzi ya 200 inakupa jua la chini ya milimita 2, punje tu, ya 400 inakupa 3.6, na darubini ya 1000 inakupa milimita 9 ambazo zinakaa vizuri kwenye kamera nyingi za kawaida. Na punje hiyo sio ya kudharau maana jua ni dunia 109 zimepangwa mstari, kwahiyo kijidoti unachokiona kama uchafu kwenye sensa kinaweza kuwa doa linaloimeza dunia nzima.

Kwa karatasi hii, ambayo ni filta ya mwanga mweupe, utapata madoa, kingo za jua zilizo na kiza kidogo, yale mabaka meupe ya pembeni, na hewa ikitulia na darubini ina mdomo wa kutosha, milimita 100 hivi kwenda juu, utaona chembechembe za uso wa jua, kila moja ina upana wa kilomita 1,000 hivi na inaishi dakika chache kisha inakufa. Ukiwa na darubini ya lenzi, sio ya kioo, kuna kabari ya Herschel, kifaa cha prizimu kinachofungwa nyuma na kumwaga karibu mwanga wote pembeni, hicho peke yake ndo kinaruhusiwa nyuma, kinatoa picha kali kuliko karatasi. Kwenye darubini ya kioo usiiweke kamwe.

Sasa zile picha za ndimi kubwa zinazosimama pembeni ya jua, na uso wenye nywele nywele kama manyoya ya paka, hizo filta ya mwanga mweupe haikupi hata ukeshe unaiangalia. Hizo ni za H-alfa, kifaa kinachopitisha uzi mwembamba mno wa mwanga mwekundu kwenye nanomita 656.28 na kufuta mwingine wote. Watu wanajua majina ya watengenezaji kama Lunt na Coronado. Na hapa pesa haipandi ngazi, inaruka ukuta. Kutoka karatasi ya filta mpaka H-alfa ya maana hakuna kitu katikati, ni kama kutoka baiskeli kwenda lori bila kupitia pikipiki. Kama picha iliyokutia homa ni ile ya ndimi, ujue ukweli huo kabla hujanunua karatasi ukadhani umefika.

Usiku pesa inauma kwa namna nyingine, inakung'ata taratibu. Unaanza na kamera yako, lenzi pana, tripodi, unapiga Njia ya Maziwa bila kununua kitu. Kuna hesabu ya 500, gawa 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde kabla nyota hazijawa mistari, lenzi ya 20 kwenye kamera ya sensa kubwa inakupa 25, ila kwa kamera za siku hizi zenye pikseli nyingi hesabu hiyo inadanganya, mi naenda 12 mpaka 15. Kamera ya sensa ndogo punguza tena. Mpaka hapo raha tupu. Baada ya wiki tatu unataka Andromeda, galaksi ya jirani, sasa unahitaji mota ya kufuata anga kama Star Adventurer, maana anga linazunguka nyuzi 15 kila saa. Ukipata mota unataka lenzi ndefu, ukipata lenzi ndefu mota inalemewa unataka kichwa kikubwa chenye kubeba uzito, alafu kamera ya pili ya kuiongoza mota isipotee, mkanda wa joto wa kuzuia umande, betri ya kulisha vyote hivyo, na laptopu inayokaa nje kwenye umande wenyewe. Hakuna hatua hata moja iliyokuwa kubwa, ila ukijumlisha siku moja, usijumlishe mbele ya mwenzi wako.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kulenga mhimili wa anga. Mota inafanya kazi ikiwa imeelekezwa sawasawa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka. Mtu wa kaskazini ana nyota ya Polaris karibu na ncha, anaichungulia, anamaliza. Mtu wa kusini ana nyota ya Sigma Octantis ambayo ni hafifu mno, kwenye mji haionekani kabisa, na mtu anayekaa karibu na ikweta ncha zote mbili ziko chini kwenye upeo, nyuma ya miti na nyumba za watu. Inawezekana, kuna programu zinapiga picha ya kipande chochote cha anga na kukokotoa umekosea kiasi gani, ila ongeza nusu saa ya kuinama kila usiku. Jua halikuulizi haya.

Hewa nayo ina upendeleo

Hii ilinishangaza nilipohamia kwenye jua. Jua linataka hewa iliyotulia, halijali sana kama kuna utando mwembamba wa ukungu. Nebula na galaksi zinataka hewa safi na kavu, hazijali sana kama inatetemeka kidogo. Kwahiyo asubuhi jua likishapanda kidogo, ardhi bado haijapata moto, ndo saa yangu, saa sita mchana juu ya zege mi sisumbuki, picha inachemka kama sufuria. Usiku mvua ikishapita na vumbi likaoshwa ndo unapata weusi wenyewe. Ukiona nyota zinametameta sana kwa madaha, waimbaji wanapenda, sisi hatupendi, ila kwa lenzi pana haidhuru.

Baada ya kupiga

Wanaoanza wanafikiri picha ni ile iliyotoka kwenye kamera. Kote kuwili siyo, picha inatengenezwa mezani kwa kupanga fremu nyingi moja juu ya nyingine, ila sababu zinatofautiana. Kwenye jua unapiga video, fremu elfu moja mbili kwa dakika, nyingi zimeharibiwa na hewa, programu ya AutoStakkert inachagua zile asilimia 10 nzuri inazipanga, unanoa kwa programu nyingine, ImPPG, nusu saa umemaliza. Usizidishe video sana, ndimi zinabadilika na jua lenyewe linageuka, na diski inajaa haraka kuliko unavyodhani.

Usiku unapanga ili kuua chenga, zile punje punje zinazochafua picha ya gizani. Fremu 100 zinapunguza chenga mara 10, fremu 400 mara 20, yaani kila ukitaka mara mbili ya uzuri unalipa mara nne ya muda, hesabu ya kikatili ile. Alafu kuna fremu za giza za kufunika lenzi, fremu za mwanga sawa za kufuta vumbi, programu ya Siril inafanya yote na ni ya bure, ila kujifunza kuvuta picha kutoka kwenye weusi bila kuiharibu ni miezi. Kama we ni mtu anayependa kukaa kwenye kompyuta, hapa patakunogea. Kama unataka kupiga na kutuma kabla ya chai, basi chagua jua.

Kuhusu rangi tusidanganyane, jua ni jeupe, ile rangi ya chungwa ni sisi tunaipaka. Na ule wekundu wa nebula kamera ya kawaida inaukata kwa filta iliyopo ndani mbele ya sensa, ndo maana watu wanapeleka kamera zao kufunguliwa zitolewe hiyo filta. Usifungue mwenyewe kama hujawahi.

Darubini zinazojipeleka zenyewe

Siku hizi kuna vidude kama Seestar S50, mdomo milimita 50, kinakuja na filta ya jua kwenye boksi, unakiweka chini, unachagua kwenye simu, kinatafuta, kinapiga na kupanga chenyewe. Wakongwe wanakiponda, mi siwaungi mkono. Kwa mtu ambaye hajui anapenda lipi ndo jibu la karibu zaidi, mchana unapiga madoa usiku unapiga Orion na hujajifunza hata neno moja la mhimili. Kasoro zake, huwezi kukibadilisha lenzi, ndimi za H-alfa hutaziona, na ukishazoea utafika ukuta wake mapema. Ukuta huo wengine hawajali kabisa, na wana haki.

Saa ya jua lenyewe

Kuna jambo la kalenda. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi, madoa yanaongezeka mpaka kilele kisha yanapungua. Huu wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 mashirika ya Marekani ya NASA na NOAA, la anga za juu na la hali ya hewa, yalitangaza kwamba tumeingia kipindi cha kilele. Kwahiyo mwelekeo sasa ni wa kushuka, madoa yatapungua taratibu. Mwaka 2019 siku zaidi ya nusu jua halikuwa na doa hata moja, unafunga filta yako vizuri unapiga sahani nyeupe. Anayetaka mwanga mweupe aanze sasaivi asisubiri, na anayepanga kuingia miaka ya mbele jua likiwa limelala afikirie H-alfa au aende usiku, nebula hazina msimu wa kulala. Halafu kuna tarehe 2 Agosti 2027, kupatwa kikamilifu kutapita kusini mwa Hispania, Afrika ya kaskazini mpaka Luxor, Saudia, Yemen na kugusa Somalia, giza refu kuliko yote ni dakika 6 na sekunde 23, na hizo ndo dakika pekee filta inatoka, kwa walio ndani ya njia ya kivuli tu, wengine wote wanaoona nusu filta haitoki hata sekunde.

Kama bado unasita basi usinunue kitu wiki hii. Subiri mwezi mpevu, upige kwa lenzi ndefu uliyonayo, bila filta yoyote, hauna hatari. Kwenye sensa mwezi una ukubwa karibu sawasawa na jua, fokasi yake ni ileile, na video zake zinapangwa kwa AutoStakkert hiyohiyo. Ukubwa utakaouona kwenye kioo cha kamera ndo ukubwa wa jua utakaoupata, ukiona ni punje mno basi ushajua lenzi haitoshi kabla hujakata karatasi ya filta. Na wakati umesimama pale nje saa tano usiku, jiangalie, unafurahia au unawaza kitanda.